Gamba la Diwani

Jumamosi, 4 Mei 1996

Mvua tangu jana. Nimesugua baraza la nyumba kubwa ingawa hakuna anayelikanyaga. Meneja wa zamani na mkewe wamekwenda kwao tangu Februari, shamba la chai limeuzwa, lakini sakafu haina habari za ubinafsishaji. Ukiiacha wiki moja inaota ukungu. Kwa hiyo: polishi nyekundu, brashi, tambara.

Polishi iliyobaki kwenye tambara nimempaka Diwani, kama kila Jumamosi. Ndivyo alivyotaka madam wa zamani. Ackson, ang'ae kama baraza. Basi kobe anang'aa. Sisi watu wa jikoni ndio tuliompa udiwani. Anakula vya kila mtu, na ukimwuliza jambo anaingia ndani.

Leo nimemgeuza nimfute tope la tumboni. Kidole gumba kimezama. Gamba la chini limebonyea kama ndizi iliyopitiliza kuiva, kisha likarudi taratibu.

Nimemgeuza tena upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wakwe.

Jumapili, 5 Mei

Baada ya ibada akaja Gidion wa utumishi. Alisimama mbele ya kota yetu, akatazama dirisha, akatazama bati, akapiga hatua za kupima ukuta. Anataka kufuga kuku wa kisasa. Kila mwenye mshahara Tukuyu sasa anataka kuku wa kisasa.

Mpishi kaachishwa, dobi kaachishwa, mtunza bustani kaachishwa. Mimi nimebaki kwa sababu moja. Meneja mpya na mkewe walipokuja kukagua mali, yule mama alimpakata Diwani, akauliza nani anamtunza. Nikasema mimi. Akasema basi huyu abaki hapa mpaka tutakapohamia. Bosi wake Gidion akaandika hivyo hivyo.

"Mzee Ackson," Gidion ananiambia leo, "wewe sasa ni idara nzima. Idara ya Kobe."

Nikacheka. Kucheka ni sehemu ya kazi.

"Kobe akiwepo, upo. Asipokuwepo, funguo unaniletea mwenyewe, sitaki kukufuata." Na yeye akacheka.

Sikumwambia habari ya kidole gumba.

Mke wangu, Mama Lugano, alisikia yote kutoka kitandani. Kila asubuhi anateremka hospitali ya wilaya kuchomwa sindano ya kifua, kisha anapanda tena, anapumzika kwenye kila jiwe. Daktari kasema asikose hata siku moja. Akikosa, ugonjwa utarudi umejifunza ujanja. Kutoka hapa anafika kwa miguu yake. Kutoka nyumbani kwetu Suma, na matope haya, hafiki. Na katika nyumba ya Suma anakaa mdogo wangu Anyosisye, ambaye ametukaribisha kwa moyo wote upande wa mbuzi.

Jumatano, 8 Mei

Nimemchunguza Diwani vizuri, na mlango umefungwa. Mgongo wake ni vigae vigae. Kila kigae kina duara ndani ya duara, kama kisiki cha mti. Katika miezi ya joto, akila vizuri, hutokea mstari mweupe katikati ya kigae na kigae. Huo ndio ukuaji wake. Mwaka huu hakuna mstari. Pembeni pamekuwa pa njano, na panatoa maji kidogo.

Alipoletwa na dereva kutoka Usangu, bondeni kwenye joto, alikuwa mdogo kama andazi, laini kama bakuli. Hapa kila kigae kikainuka kikawa kilima. Nilikuwa nawaambia wageni kwamba amekuwa Mnyakyusa, anaota milima. Walicheka. Madam alimpa mkate na maziwa, mimi nikampa ndizi na ugali uliobaki. Tulidhani tunamnenepesha.

Mama Lugano kanikuta nimeinama juu yake. "Nyumba yake inaoza?"

"Kidogo."

"Na hii yetu inavuja kidogo. Sasa tutahamia kwa nani?"

Jumatatu, 13 Mei

Felista wa ofisi ya mifugo alikuja kumwona ng'ombe wa Gidion. Nikamvizia njiani, Diwani kwenye kikapu, gunia juu, kama mwizi wa kuku.

"Tata, kobe sikusomea," akasema, akiniita baba kwa Kinyakyusa. "Nilisomea ng'ombe, nguruwe na kuku."

Lakini alimpokea. Akamgeuza, akamnusa, akatoa kisu kidogo akakwangua ukingoni. Wekundu ukatoka kama nta ya mshumaa. Chini yake palikuwa na unga mweupe, na harufu ya jagi la maua lililosahauliwa.

"Hili ni mfupa, tata. Si bati. Lina damu ndani, linaumwa. Umempaka nini?"

"Polishi."

"Ya viatu?"

"Ya sakafu."

Hakucheka. Ningependelea acheke.

Miaka yote hii nilidhani gamba ni kitu alichokivaa. Nikadhani yeye yuko mle ndani mzima, na mimi nampigia nyumba deki.

Maagizo yake: polishi yote itoke, bila mafuta ya taa. Alale pakavu. Ndizi basi, ugali basi, mkate basi. Ale majani — mchunga, majani ya nje ya kabichi — na mifupa ya ng'ombe iliyosagwa. Na jua. Jua lenyewe juu ya gamba, si la kupitia kioo. Bila jua, akasema, hata umpe mifupa ya ng'ombe mzima, gamba halitashika.

Nikamwuliza mwezi huu wa tano jua la Tukuyu huwa wanalitunza wapi.

Akatazama ukungu uliokuwa umekaa juu ya chai. "Kwao Usangu," akasema. "Mlimtoa mbali, tata."

Ijumaa, 17 Mei

Nakwangua. Kijiko cha chai na tambara kavu. Polishi inatoka tabaka kwa tabaka, kila tabaka Jumamosi yake. Ya juu ni ya juzi. Chini kabisa kuna nyekundu nyeusi ya kopo lile la zamani, enzi za kupanga foleni kwa kila kitu. Siku hizi polishi imejaa maduka yote ya Msasani ya hapa Tukuyu, makopo ya rangi tatu tatu. Ingekosekana kidogo tu, kobe angekuwa mzima.

Mifupa nimeichoma nikaitwanga kwenye kinu. Mama Lugano kanionya nisichanganye na unga wa uji wake, halafu akafikiri, akasema hata hivyo weka kidogo.

Diwani kala mchunga. Polepole, amefumba macho, kama mzee anayekula chakula cha hospitali.

Alhamisi, 23 Mei

Baridi imeanza ile yenyewe. Tuna jiko moja la mkaa. Usiku lilikuwa upande wa Mama Lugano. Sasa Diwani hafumbui macho asubuhi mpaka apate moto.

Nikasimama nalo katikati ya chumba, limewaka.

"Mpelekee," akasema kutoka kwenye blanketi. "Mimi nina kikohozi cha kunipasha moto."

Nimempelekea. Nimemwekea mke wangu koti langu la mitumba juu, na mgongo wangu. Sijivunii. Kobe asipoamka hakuna kota, kota isipokuwepo hakuna sindano. Hesabu hii ni sahihi, na kila ninapoirudia nasikia mke wangu anakohoa katikati yake.

Jumapili, 2 Juni

Jua!

Tulikuwa tunajiandaa kwa ibada. Ukungu ukapasuka upande wa Mlima Rungwe, mwanga ukaja mpaka mlangoni. Nikamtoa Diwani mbio, Mama Lugano akatoka na kigoda chake. Hatukwenda kanisani. Mungu alikuwa uani.

Walikaa wote wawili wamenyoosha shingo. Yeye kafumba macho, na kobe kafumba macho. Bila polishi, Diwani ni wa rangi ya majani makavu na madoa meusi. Sikuwahi kumwona. Nimemtunza miaka yote na sikuwahi kumwona.

"Ni mzuri," Mama Lugano akasema. "Mlikuwa mmemfanya sanduku."

Hospitali wamempima Mama Lugano uzito, umepanda kidogo. Daktari kafurahi. Bado dozi ni ndefu.

Jua likakaa muda wa wimbo mmoja wa kwaya, wa beti nyingi, kisha likaondoka.

Jumanne, 11 Juni

Gidion kaja na habari. Meneja mpya anahamia mwisho wa mwezi huu na mkewe na binti yao. Binti kaambiwa kuna kobe mwekundu. Anaota kobe mwekundu.

Akataka kumwona. Nikamtoa.

Akamzunguka mara moja. Kisha: "Mzee Ackson, umemvua nguo."

Nikamweleza, mfupa, damu, Felista.

"Felista ndiye atakayekupa nyumba? Yule mama aliacha kobe mwekundu anang'aa. Mimi nimkabidhi huyu wa kijivu ana mabaka kama ukuta wa shule? Atasema nimembadilisha. Atasema nimeuza yule wa kwake."

Nilitaka kucheka nikaona hachezi. Na yeye ana bosi. Katika wale wa utumishi wa zamani kabaki peke yake, na watoto wake wote wanasoma. Anaogopa kwa sauti kubwa, mimi naogopa kimya, hiyo ndiyo tofauti ya vyeo.

"Polishi ipo?" akauliza.

"Ipo."

"Basi."

Nikasema gamba likishika kidogo, nitampaka siku ile ile wanayofika. Akakubali. Kumbe hata gamba unaweza kulipatania bei kama nyanya.

Lakini halishiki. Leo nimebonyeza tena. Linazama vilevile.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata akili. Ambakisye anachochea kuni kwenye tanuru la kukaushia chai kiwandani. Majani ni machache msimu huu wa baridi lakini tanuru haliachwi lipoe. Pale ukutani joto ni la Usangu kabisa. Ukisimama, koti linafuka moshi.

Ambakisye tulibatizwa pamoja. Akasema mlete, humu ndani hakuna anayetazama vitu vidogo, wanatazama mashine kama zitauzwa chuma chakavu.

Nimempeleka kwenye kikapu cha kuchumia chai, majani juu yake. Mlinzi akauliza nimebeba nini. Nikasema diwani. Akasema pita.

Ikumbukwe: Felista alisema jua. Mimi nimesikia joto. Nimejiambia ni kitu kimoja.

Jumatano, 19 Juni

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilianza kumsimulia Mama Lugano kama baba aliyempeleka mtoto sekondari. Diwani katembea. Kala kabichi. Kamfukuza Ambakisye kwa kichwa. Jiko limerudi upande wa mke wangu, kalala usiku mzima.

Leo nimekwenda kumwona. Ambakisye alikuwa ameitwa nje kushusha gari la kuni tangu asubuhi. Diwani alikuwa amejisogeza mpaka kwenye tofali za tanuru zenyewe, amebana ubavu hapo, kama ng'ombe anavyoegemea ukuta. Hakuna aliyemwambia kwamba huko siko Usangu.

Nilipomvuta, kigae kimoja cha ubavuni kilibaki ukutani. Kilitoka chote, kama ukucha. Chini yake pekundu, si nyekundu ya polishi.

Macho yameingia ndani. Mdomo mkavu.

Nikamtafuta Felista, nikamkuta Msasani dukani. Akaja hivyo hivyo na sukari yake mkononi. Akamlaza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akamwosha kidonda, akakaa naye muda mrefu.

"Mmemkausha, tata," akasema. Aliongea polepole sana. "Alihitaji jua na maji. Mmemkausha kama chai."

Nikamwambia ndaga, ndaga fijo, asante sana. Halikuwa neno la mahali pale.

Ijumaa, 21 Juni

Beseni asubuhi, beseni jioni. Hanywi. Mama Lugano anamdondoshea maji mdomoni kwa kona ya kanga, anamsemesha Kinyakyusa, maneno anayosemeshwa mtoto mgonjwa. Lugano alipokuwa na surua alimsemesha hivyo hivyo. Yule alipona, sasa yuko Dar anauza miwani barabarani na hana habari na sisi.

Jiko liko kwa Diwani tena. Sikuliomba. Mama Lugano alilibeba mwenyewe.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemgusa mguu. Kobe ukimgusa mguu anauvuta. Hakuuvuta.

Nimengoja, nikamgusa tena.

Nadhani amekufa. Sina hakika. Kuku akifa anakuonyesha, ng'ombe akifa kijiji kizima kinajua. Huyu amebaki amejikunyata vilevile kama jana, kichwa nusu ndani. Katika baridi hii hata aliye hai anakaa hivyo siku nzima. Kobe hana adabu ya kufa waziwazi.

Mama Lugano aliingia akanitazama mimi, si kobe. Akaketi.

"Gidion anajua?"

"Hapana."

"Basi hata mimi sijui," akasema, akafunga kanga yake akateremka hospitali.

Mchana Gidion akapita dirishani bila kuingia. Wanafika Jumanne asubuhi. Nisisahau polishi.

Jumatatu, 24 Juni

Sasa nina hakika. Harufu.

Nilifikiri kumfuata Felista aniambie la kufanya. Nikajua ataniambia ukweli, na ukweli ninao tayari ndani, umelala kwenye gunia.

Nilifikiri pia kumwambia Gidion. Nikatazama vidonge vya Mama Lugano kwenye kopo dirishani, na kadi yake ya sindano imening'inia msumarini, visanduku vilivyojazwa na visanduku vitupu. Vitupu bado ni vingi.

Nikafungua kopo la polishi.

Kigae kilichotoka nimekirudisha kwa nta ya mshumaa. Kichwa na miguu nimevisukuma ndani kwa kidole, taratibu, nikamwomba radhi. Kisha polishi. Polishi ina tapentaini, inaua harufu yoyote. Hata wakati wa misiba ya nyumba kubwa tulikuwa tunapaka baraza kwanza.

Mama Lugano alimshika, mimi nikapaka. Hatukuwa na haraka. Mabaka yakapotea, yale madoa mazuri aliyoyaona siku ya jua, moja baada ya jingine. Tulipomaliza akamtazama.

"Ongeza hapa ubavuni," akasema. "Maiti husitiriwa."

Ndiyo mara ya kwanza nimemwona analia kwa ajili ya mnyama. Au labda si kwa ajili ya mnyama.

Jumanne, 25 Juni

Naandika jikoni mwa nyumba kubwa, nimesimama, birika liko motoni. Wako barazani.

Wamefika mapema, magari mawili. Ukungu mzito, taa za magari ziliwaka mpaka mlangoni. Meneja kaenda kiwandani. Mkewe kanishika mkono wa kunisalimu, Kiswahili chake cha darasani, kila neno limenyooka. Kasema, "Bwana Ackson, asante kwa kumtunza rafiki yetu." Mkono wangu ulinuka polishi.

Diwani nimemweka barazani kwenye mkeka, mwekundu, anang'aa kuliko sakafu. Binti alipiga kelele ya furaha. Kaleta karoti kutoka Mbeya, kaziosha mwenyewe, kazipanga mbele yake.

Akangoja. Akamwangalia mama yake.

Gidion, wa kupenda kusaidia, akamfundisha: "Hapa kwetu unabisha hodi." Mtoto akapiga magoti, akabisha kwenye gamba kwa kidole. Hodi. Akasikiliza. Hodi, hodi.

Nilisema: anaona baridi, madam. Jua likitoka naye atatoka.

Nilidhani watasema basi tutamwona kesho. Leo usiku ningefanya jambo fulani, ningesema ameibwa, ningesema katoroka, nilikuwa na mambo matatu tayari. Lakini mama akavuta kiti. Akasema hawana haraka, wamesafiri mbali kumwona. Watakaa hapa hapa barazani wangoje jua pamoja naye. Akaomba chai.

Gidion kanifuata huku jikoni. Akanusa hewa.

"Polishi safi," akasema. Kisha akashusha sauti. "Mzee Ackson. Yumo?"

"Yumo ndani."

Akanitazama. Usoni hakuwa mtu wa kuku wa kisasa wala wa funguo. Alikuwa mtu mwenye watoto shuleni. Akasema, "Na mimi ndiye niliyemwambia mtoto abishe hodi," akarudi nje, akaanza kumweleza mama habari za mvua, jinsi zilivyo ndefu huku kwetu, jinsi mwezi wa sita unavyoweza kwisha bila mtu kuona kivuli chake.

Mama Lugano kapita chini kwenye njia, anatoka sindanoni, kanga mdomoni. Yule mama kampungia mkono. Naye kapunga. Akatazama dirisha hili la jikoni, akaendelea kupanda, hakupumzika kwenye jiwe.

Birika limechemka.

Tangu mwezi wa tano nimeomba jua. Nimeliomba kanisani, uani, hata kwenye tanuru. Sasa hapa dirishani ukungu unaanza kunyanyuka kwenye chai. Naona safu ya kwanza. Naona ya pili, na mti wa kivuli, na bati la kota yetu.

Mtoto anapiga makofi. Baraza limeanza kung'aa.